Athari Tatu

Nimepanda kutoka Sibu kabla ya alfajiri,
diski mpya mfukoni, nimeiviringa kwa soksi,
kwa sababu Ghaniya alisema kwenye simu, "Daftari la maji limekufa,"
nami nikamjibu kama daktari muongo:
daftari lenye nakala halifi.

Ofisi ya falaji ni chumba kimoja juu ya Izki,
feni, chupa ya kahawa, kompyuta iliyozeeka kazini.
Humo mna majina ya wenye maji,
nani ana zamu ya nusu saa, nani ana robo, na ya siku gani.
Nusu saa ya maji huku huitwa athari.
Kwetu athari ni alama inayobaki kitu kikishapita.
Sikumweleza. Kakulia Bujumbura, anazijua zote mbili.

Nakala nilizipanga mwenyewe.
Ijumaa, kila kitu, jina la kwanza hadi la mwisho.
Jumamosi, yale tu yaliyobadilika tangu Ijumaa.
Jumapili, yaliyobadilika tangu Jumamosi,
na kuendelea, kila siku imeegemea bega la jana.
Ukiitaka Alhamisi huwezi kuiita peke yake;
itakuja mikono mitupu, ikiuliza Jumatano iko wapi.

Nikarudisha Ijumaa. Ikaja.
Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, zikafuatana.
Halafu mashine ikaandika, kwa adabu ya mashine,
kwamba haioni Jumanne.
Na Jumatano ikakataa kusimama hewani.

Kwenye orodha, kama ilivyokuwa Jumatatu usiku,
yupo Nasor bin Hilal, athari tatu.
Ghaniya akasogeza kiti.
"Baba," akasema, si kwangu.
Jumanne ndiyo siku aliyomfuta, kwa kidole chake,
akagawa: moja na nusu kwa kaka,
robo tatu kwake, robo tatu kwa dada.

Nikaishutumu diski. Nzima.
Nikaushutumu waya. Nikamshutumu fundi aliyekuja kabla yangu,
ambaye ni mimi.
Adhuhuri ndipo nikaliona faili moja juu kabisa,
juu hata ya Ijumaa,
tarehe yake mosi Januari, elfu mbili na tisa.
Elfu mbili na tisa chumba hiki hakikuwa na hata soketi.

"Umeme ulikatika?"
"Jumanne, baada ya magharibi. Asubuhi yake
nikaikuta saa imeharibika, nikairekebisha."
Basi ni ile betri ndogo tumboni mwa mashine,
bapa kama sarafu ya baisa hamsini, iliyokufa kimya kimya.
Umeme uliporudi saa iliamka haijui mwaka,
ikaandika ule pekee iliouzaliwa nao.
Jumanne haikupotea. Ilikuwa mbele ya foleni
nasi tunaitafuta katikati.

Dawa: usiamini tarehe, fuata namba.
Kila nakala inaitaja kwa namba iliyoitangulia.
Nikazipanga kwa mkono, moja moja,
kidole kikabaki juu ya kitufe.

"Nikibonyeza, Jumanne inarudi yote."
Alielewa. Yote.
Akamimina kahawa, akanisogezea tende,
akaitazama ile safu.
"Zamu yake ni leo usiku," akasema.
"Kwa hesabu ya Jumatatu."
Chini ya dirisha mfereji ulipita, haujui kusoma.

Feni ikazunguka sijui mara ngapi.
Kisha akaniambia nimpishe, akakaa kwenye kiti changu,
akabonyeza mwenyewe.
Mara ya pili.

Nasor akatoka. Wakaingia watatu.
Jumatano ikasimama, Alhamisi ikaja nyuma yake bila ubishi.

Nikabadilisha betri. Saa ikajibu sawa.
Nilipomtafuta Ghaniya anisainie risiti
alikuwa mferejini, amechutama,
anaosha vikombe viwili polepole,
vikombe ambavyo vilikuwa vimeshatakata.